Ukuta wa Chumba cha Nyuma

Nyumba ilikuwa imependeza mpaka Shafiq mwenyewe akaanza kuiogopa. Huko Gikondo, kwenye mteremko ulio juu ya magereji, watu walikuwa wamezoea kuiona na mabati yake yenye kutu na kuta zake za rukarakara, yale matofali makubwa ya udongo yaliyokaushwa juani, zikimong'onyoka kila masika. Sasa ilikuwa na rangi ya maziwa, vigae sakafuni, dari ya jipsamu yenye taa zilizofichwa, na mlango wa mbao nzito uliochongwa na maseremala wa Gisozi. Wapita njia walipunguza mwendo waitazame vizuri. Aliyempa Shafiq hongera alijibiwa asante ya haraka, kisha mazungumzo yakahamishiwa kwenye bei ya mafuta.

Ilikuwa nyumba yake ya tatu. Kabla ya hapo alikuwa na duka la vitambaa Biryogo, alilorithi kwa baba yake, fundi cherehani aliyekuwa na tabia moja ya ajabu: nguo ikiisha kushonwa, alimrudishia mteja hata vile vipande vidogo vilivyobaki, amevikunja ndani ya gazeti. Duka lilipodorora Shafiq akaingia kwenye majumba. Unanunua nyumba iliyochoka, unaikarabati miezi mitatu, unaiuza ikiwa mpya. Ni kazi halali na ina jasho lake, ukiifanya inavyotakiwa. Kwa nyumba mbili za kwanza aliifanya inavyotakiwa, na kwa hilo hakuna wa kumsema.

Hii ya tatu aliinunua kwa mjane mmoja aliyeitwa Nyiraneza, ambaye mtaa mzima ulimwita mukecuru, yaani mama mzee. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa malori ya Mombasa, na Kiswahili chake mama huyu alikiokota kwa huyo mume. Siku Shafiq alipokwenda kumaliza maneno ya bei, mama huyo alimkatisha katikati.

"Mwana wangu, mbele utoe pesa, kuja uone kitu."

Akamwongoza hadi chumba cha nyuma, kile kinachoegemea mlima, akaugonga ukuta kwa vifundo vya vidole.

"Hii ukuta iko na maji. Si maji ya robine, ya bomba, ni maji ya mulima. Mwezi wa kenda mvua inaanza, maji inapita chini-chini, inatokea hapa. Ikifika mwezi wa ine, kitanda iko naoza. Mimi na muzee wangu miaka mingi tulikuwa nalala sebuleni." Alifuta vumbi la udongo kwenye vidole kwa upindo wa kitenge chake. "Sitaki kesho useme mukecuru amekuibia. Toa milioni tatu kwa ile bei yako."

Shafiq hakuamini masikio yake. Katika biashara hii alikuwa amekutana na watu wanaoficha nyufa kwa kalenda na wanaosogeza kabati kufunika kuvu, lakini mwenye nyumba anayejipunguzia bei kabla ya kuombwa hakuwahi kumwona. "Mukecuru, wewe ni mtu wa kweli," alimwambia, na alimaanisha kabisa. Akatoa zile milioni tatu kwenye bei, wakapeana mikono. Mama mzee akahamia kwa mtoto wa dada yake huko Muhima.

Fundi wake, Silvère, aliukagua ukuta ule asubuhi nzima. Alizunguka nyuma ya nyumba, akachimba kishimo kwa sururu, akanusa udongo, akarudi anatikisa kichwa.

"Patron, dawa yake iko moja. Tuchimbe nyuma ya nyumba mita mbili chini, tujaze mawe, tuweke na tiyo, ile bomba, maji ipite pembeni iende zake. Wiki tatu. Lakini tutaingia kwa mpaka wa Gasana."

Gasana ndiye aliyekuwa jirani wa juu, mwalimu mstaafu ambaye habari zote za kilima kile zilipitia barazani kwake kabla ya kwenda kwingine. Kumwomba ruhusa ya mtaro ilikuwa sawa na kutangaza kwa kipaza sauti kwamba nyumba ina maji. Shafiq alijiuliza mnunuzi gani tena atakuja baada ya hapo.

"Na tukipiga plasta ya simenti?" aliuliza.

"Simenti juu ya udongo inafungia maji ndani. Haitaonekana mwaka moja, pengine mbili. Kisha ukuta inaanguka na plasta yake."

"Mwaka mmoja," Shafiq alirudia.

Katika maneno yote ya fundi aliyasikia hayo mawili tu. Wakapiga simenti, wakapaka rangi inayozuia unyevu, na juu yake wakapachika bodi za jipsamu ili mtu akigusa asikie pakavu. Silvère, ambaye akifanya kazi hupiga mluzi kutwa, siku hiyo hakupiga. Shafiq aliliona hilo na akajitia hamnazo.

Mnunuzi alipatikana kabla rangi haijakauka. Aliitwa Annah, mhasibu katika ofisi moja ya Muhima, mtoto wa Wanyarwanda aliyezaliwa na kukulia Karagwe, upande wa Tanzania, mwenye Kiswahili kilichonyooka na macho yasiyopenda kubembelezwa. Alikagua mabomba. Alihesabu soketi. Alifungua na kufunga kila dirisha. Mwisho akaingia chumba cha nyuma, akasimama katikati, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu.

"Hapa atalala mama," alisema. "Ninamleta kutoka Karagwe. Ana kifua, baridi kidogo tu inamlaza. Nimetafuta nyumba yenye chumba kikavu mwaka mzima, kaka Shafiq."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Hapakuwa na mtu mwingine chumbani, hapakuwa na haraka yoyote, na neno lenyewe lilikuwa fupi.

"Chumba hiki kina utulivu, dada," Shafiq alisema. "Hata kelele za magereji hazifiki."

Na kweli hazifiki. Njiani kurudi nyumbani alijiambia kwamba hajasema uongo hata mmoja, kwamba hakuulizwa kuhusu maji, na kwamba mnunuzi mwenye macho yake amekagua mwenyewe. Alijiambia hivyo mara nyingi sana kwa mtu asiye na hatia. Wiki ile alikosa hamu ya kula, na mkewe alipomuuliza alisingizia tumbo.

Kabla ya kwenda kwa notari wa ardhi kuweka sahihi, mtaa ule ulikuwa na desturi yake, na hata wenye vyeo na magari hawakuiruka. Nyumba ikibadilisha mikono, majirani huitwa uani kunywa kinywaji cha mashahidi. Si sherehe, ingawa watu hucheka na kutaniana. Kila anayekunywa amejifunga: siku ukitokea ugomvi, atasimama aseme alichokiona na alichokisikia. Ndiyo maana wapo watu ambao wakitilia shaka jambo hukaa pale saa nzima na glasi imejaa mbele yao.

Ilipangwa Jumapili alasiri, mwisho wa mwezi wa nane, jua likiwa kali na ardhi kavu kabisa. Shafiq alileta kreti za Fanta, na kwa wasio Waislamu Silvère akaleta dumu la pombe ya ndizi. Viti vilikopwa. Annah alikuja amevaa gauni la kanisani na kubeba sahani ya maandazi aliyokaanga mwenyewe. Majirani saba walikuwa wamekwisha kukaa Gasana alipoingia langoni akiwa amemshika mkono mama mzee aliyevaa mushanana wa bluu, lile vazi la heshima linalofungwa begani.

Shafiq hakuwa amemwalika Nyiraneza. Alikuwa amejipa moyo kwamba Muhima ni mbali kwa mwanamke wa umri ule.

"Nilimupigia simu," Gasana alisema, akimvutia mama mzee kiti. "Ushahidi gani bila mwenye muji wa kwanza? Tumechelewa kwa sababu ametaka kuzunguka nyuma kwanza, aangalie miti yake."

Nyiraneza alisalimia kila mtu kwa jina. Alipofika kwa Shafiq alimshika mikono yote miwili na kuitikisa taratibu. Akaomba kuoneshwa nyumba yake, na Annah akampitisha vyumba vyote, huku Shafiq akibaki uani akifungua chupa ambazo zilikuwa tayari zimefunguliwa. Alisikia sauti zao zikihama kutoka jikoni hadi sebuleni, kisha zikaenda mbali zaidi, na huko zikakaa. Silvère alikuwa anatazama viatu vyake.

Waliporudi, glasi zilijazwa. Kwa desturi, mwenye nyumba wa kwanza ndiye husema kabla ya wote, na ikawa bahati mbaya ya Shafiq kwamba mama yule alipenda kusema akiwa amesimama, wote wamsikie.

"Nyumba imekuwa mwanamuke wa harusi," alianza, na watu wakacheka. "Mimi nafurahi. Na nafurahi sababu niliiuzisha kwa mutu mwema. Siku ile nilimwonesha ile ukuta ya chumba ya nyuma, nikamwambia maji yote, hakuficha uso, alisema asante. Mutu anayepokea ukweli hivyo, na yeye atautoa hivyo." Akamgeukia Annah. "Basi najua amekwisha kukuambia, mwanangu. Mukecuru wako, yule umeniambia ndani, mumulaze chumba ya mbele."

Shafiq alitamani ardhi ipasuke immeze pale pale aliposimama. Watu tisa walikuwa wanamtazama, na chupa ilikuwa bado mkononi mwake. Neno lilikuwa lile lile fupi la siku ile chumbani. Alifungua mdomo. Halikutoka.

"Ameniambia, bibi," Annah alisema.

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, akainua glasi yake ya Fanta, akanywa. Nyiraneza alimtazama kidogo, kisha akanywa na yeye. Wakafuata wengine, mmoja baada ya mmoja, Gasana akiwa wa mwisho. Gumzo likarudi. Mtu akasifia maandazi.

Shafiq aliiweka glasi yake chini ikiwa imejaa. Kwa kufumba na kufumbua alikuwa amesitiriwa, na aliyemsitiri ni yule yule ambaye yeye alikuwa anamwibia. Laiti Annah angemwaga Fanta chini na kumwita mwizi, Shafiq angepata angalau cha kujitetea nacho. Alingoja watu waanze kuaga, kisha akamfuata ndani. Alimkuta chumba cha nyuma, kiganja chake kikiwa kwenye ile bodi ya jipsamu.

"Dada Annah," alianza.

"Usiniombe msamaha hapa," alisema bila kugeuka. "Nitakujibu vibaya na watu bado wako nje."

"Kwa nini umenifunika?"

"Sikukufunika wewe." Sasa alimgeukia, na macho yake yalikuwa mekundu. "Yule bibi amesimama mbele ya majirani zake amekusifu. Ningesema hukuniambia, aibu ingemkuta yeye, mdomo bado umejaa sifa zako. Sikutaka aondoke hapa hivyo." Akautazama tena ukuta. "Mama yangu hulala ameketi usiku akizidiwa, kaka Shafiq. Ameketi, na mito mitatu mgongoni. Nilikuambia ana kifua, ukaniambia kuna utulivu."

Shafiq alisimama mlangoni mikono ikining'inia, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, akilia bila sauti. Annah hakumbembeleza, wala hakumfukuza.

"Kesho sitakwenda kwa notari," alisema mwishowe. "Sijui kama nitakwenda siku nyingine. Sijafika huko bado." Akachukua sahani yake tupu, akapita pembeni yake, akaondoka.

Uani alikuwa amebaki Nyiraneza peke yake, akingoja Silvère amtafutie gari barabarani. Viti vya watu vilikuwa vimetawanyika, nyuki wakizunguka vizibo vya Fanta. Shafiq alichuchumaa mbele ya kiti cha mama mzee. Aliona kwamba akisubiri hata dakika moja atapata kisingizio, na kwa hivyo alisema kwa haraka, maneno yakigongana.

"Mukecuru, sikumwambia. Yule dada amesema uongo ili wewe usione aibu. Sikumwambia chochote. Ulinipunguzia bei kwa sababu ya ukuta, na mimi nimeuuza ukuta ule ule kwa bei kamili."

Alingoja mama yule ashtuke. Hakushtuka. Alikuwa anafunga upya fundo la mushanana begani.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua?"

"Nimezunguka nyuma na Gasana mbele ya kuingia. Udongo ni ule ule, nyasi ni ile ile. Hakuna mutaro. Gasana ananiambia hakuna mutu alikuja kumuomba. Kisha ndani nikagonga ukuta, nikasikia makaratasi yako, zile bodi. Mimi nililala kwa hii nyumba miaka makumi tatu, mwana wangu. Ungenificha nini?"

Shafiq alimtazama. Maneno yote ya sifa yalikuwa yanamrudia kichwani, moja moja, na kila moja lilikuwa na uso mwingine sasa.

"Basi kwa nini ulinisifu?"

"Nilikufungulia mulango," mama mzee alisema. "Nilisema, labda anaogopa kuanza. Nitaanza mimi, yeye aseme tu, hapana mukecuru, hilo bado, lakini namwambia sasa. Watu wangecheka kidogo, ingeisha. Nikafungua wazi. Ukasimama pale na chupa. Mutoto wa watu akadanganya mbele yangu kwa sababu yako, na mimi nikakunywa, sababu sikutaka kumuita muongo na yeye hana kosa."

"Na wengine?" Alikuwa anajua jibu kabla ya kuuliza. "Gasana alijua. Silvère alijua."

"Ukiona watu tisa wanakunywa pole-pole hivyo," alisema, "uliza moyo wako."

Kwa hiyo, zaidi ya Annah, hakuna aliyekuwa amefichwa kitu. Miezi mitatu alikuwa ametembea juu na chini mteremko ule akiitikia hongera na kuhamisha mazungumzo, akidhani siri yake iko chini ya simenti, kumbe mtaa ulikuwa unamtazama tu na kungoja aone aibu mwenyewe. Alijifunika uso kwa viganja. Aibu ya kushikwa ni kitu kimoja, na mtu huizoea. Hii ya kuwa umesubiriwa kwa upole na hukuja ilikuwa inamchoma mpaka kwenye mifupa.

"Nifanye nini, mukecuru?"

"Mimi umeniambia, iko sawa. Lakini wale wamekunywa." Alisema kwa utulivu, kama mtu anayeelekeza njia. "Kinywaji ya ushahidi hainywewi kwa uongo. Kesho wakiulizwa, watasema nini? Kwamba binti aliambiwa? Utawapitia kwao, mumoja mumoja. Usiwakusanye, ukiwakusanya utapata kujificha katikati. Mulango kwa mulango."

Silvère alirudi na gari. Shafiq alimsaidia mama mzee kuingia, akamfungia mlango, akabaki amesimama barabarani mpaka lilipopotea kwenye kona ya magereji. Jua lilikuwa bado juu. Nyumba sita kati ya zile alizotakiwa kuzipitia zilikuwa zinaonekana kutoka pale aliposimama, na mbele ya mbili watu walikuwa wamekaa nje. Alianza na ya juu kabisa, kwa Gasana, kwa sababu hiyo ndiyo aliyoikwepa tangu mwanzo.

Gasana alifungua mwenyewe, miwani juu ya paji la uso.

"Umesahau kitu?"

"Ukuta wa chumba cha nyuma unapitisha maji," Shafiq alisema. "Mukecuru aliniambia siku ninanunua, akanipunguzia bei. Fundi akaniambia nichimbe mtaro. Sikuja kukuomba kwa sababu sikutaka watu wajue. Nikafunika kwa simenti na bodi. Annah sikumwambia, hata aliposema mama yake ana kifua. Kinywaji mlichokunywa leo mmekinywa kwa uongo wangu."

Alikuwa amejiandaa kwa matusi, na kwa kweli angeyapokea kwa nafuu. Mwalimu mzee aliteremsha miwani machoni, kisha akafungua mlango wote na kumwonesha kiti kilichokuwa katikati ya sebule.

"Kaa," alisema. "Vestine, muke wangu, na yeye alikunywa, na hajakusikia, yuko jikoni." Akageuka na kuita kuelekea nyuma. "Mama, kuja ukae hapa. Shafiq iko na neno." Kisha akamgeukia tena. "Mungoje afike. Utaanza upya."

Vestine alikuja akifuta mikono kwa aproni, akaketi mbele yake, akaunganisha viganja mapajani na kumtazama kwa adabu yote anayopewa mgeni. Shafiq akaanza upya, na mara hii ya pili maneno yalikuwa mazito zaidi kutoka kuliko yale ya kwanza.